Kiboko Kasema Mama

Kazini walimwita Midomo. Ukilisikia jina hilo kabla hujamwona mwenyewe, unajiandaa kukutana na mwanamke wa kupiga domo kutwa kucha, anayejibu kabla hajaulizwa. Wapi! Midomo alikuwa domo zege wa kuzaliwa. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Jina lilitoka kwenye kazi yake: alichora midomo. Si nyuso, si macho, si mikia. Midomo tu, ya wanyama wa katuni wanaoongea kwenye televisheni, wa kwanza wao akiwa kiboko, ambaye Mungu alimjalia mdomo kupita kiasi.

Usicheke, ni kazi. Katuni haizaliwi na mdomo. Sauti inarekodiwa kwanza, halafu mtu anakaa mbele ya kompyuta na kalamu yake, anasikiliza neno kipande kwa kipande, na kila kipande anakibandikia mdomo wake. Ikija "ba", midomo inafumba kisha inafunguka. Ikija "fu", meno ya juu yanagusa mdomo wa chini, halafu mdomo unakuwa mduara. Mwenye studio aliwahi kununua midomo iliyochorwa tayari na watu wa lugha nyingine, na kiboko alipovishwa hiyo akawa anaongea kama mtu anayetafuna karanga za wizi. Midomo akaifuta yote akaanza upya. "Maneno yetu yanaishia mdomo wazi," alimwambia Bi Rangi, mtia rangi wa meza ya jirani. "Akimaliza kusema lazima abaki ameachama." Tangu hapo kiboko akaachama vizuri na watoto wakampenda.

Alikojifunza hayo ni nyumbani. Kaka yake mkubwa, fundi viatu, aliugua homa utotoni; homa ikaondoka, ikaondoka na masikio. Akawa anasikia kwa macho. Anakutazama mdomoni, anajua unachosema, kisha anakujibu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Midomo alikua akiongea na huyo, na kwa huyo sauti haikuwa na kazi, ilitosha kuchezesha midomo sawasawa. Walikuwa wanawasengenya wageni mbele ya macho yao, mama yao yuko palepale anamimina chai, anashangaa wanawe wanacheka nini.

Kasoro ilikuwa moja. "Ba", "ma" na "pa" kwa macho ni kitu kimoja. Simama mbele ya kioo useme baba, kisha mama, kisha papa, utaniambia. Nyumbani waliipatia dawa: baba ni kidole kilicholazwa juu ya mdomo, mahali pa sharubu, kwa kuwa baba yao alikuwa nazo. Halafu siku moja baba akasema anatoka mara moja kununua kiberiti. Kiberiti hicho mpaka leo hakijafika. Alama ya kidole ikakosa kazi, maana nyumba ile hakuna aliyekuwa na hamu ya kumtaja.

Studio yenyewe ilikuwa ghala la zamani la samani. Chumba kimoja kirefu, madirisha ya nondo upande wa barabarani, mlango mmoja wa chuma. Kwenye kona walikuwa wamekata kijichumba cha kurekodia sauti, kuta zake zimepigiliwa magodoro yaliyotumika, na sauti zikirekodiwa feni zote zinazimwa, watu wanatoka jasho kimyakimya kama wanga. Mwenye studio alikuwa mtu wa kukumbatia. "Hapa si kampuni," alisema siku ya kwanza na kila siku iliyofuata. "Hapa ni familia, na mimi ni baba yenu. Niiteni Baba." Wakamwita Baba. Picha yake aliitundika ukutani, sharubu zimechanwa kama zinakwenda harusini. Ukimwomba kiti chenye mgongo, anakushika bega: tangu lini mtoto akamdai baba? Ukimuuliza siku yako ya mapumziko imekwenda wapi, macho yanamlengalenga: mwanangu, umeshawahi kuona mtu akachukua likizo ya kuwa mtoto? Unatoka pale unajiona shetani, kisa umetamani kulala.

Lakini kilichowafika shingoni ni mnyororo. Kipindi kilirushwa Jumamosi asubuhi, na Jumamosi hiyohiyo walimalizia kile cha wiki inayofuata. Kuna mchoraji aliwahi kutoka kwenda kununua soda akarudi jioni, basi Baba akapata wazo. Jumamosi watu wakishaingia, simu na mikoba vinakusanywa kwenye beseni, eti hadithi isivuje. Hadithi gani sasa, kiboko kapiga mswaki! Beseni linabaki kwa mlinzi getini, mlango unafungwa kwa nje kwa mnyororo na kufuli, na Baba anaondoka na ufunguo mfukoni kwenda kwenye shughuli zake. "Ili msisumbuliwe, wanangu," alisema, na kweli hawakusumbuliwa.

Halafu Jumamosi moja Bi Rangi akabanwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta imo mkobani, mkoba umo kwenye beseni, beseni liko getini, na mlinzi kaenda kunywa chai. Walipiga mlango kwa viti mpaka viti vikavunjika. Wakamlaza sakafuni, wakampepea kwa michoro ya kiboko. Midomo alimshika kichwa, na kwa kuwa macho yake yalizoea kutazama mahali pamoja, aliitazama midomo ya mwenzake ikigeuka rangi ambayo hakuwahi kuichora. Aliogopa. Mlinzi aliporudi akaipitisha dawa kwenye nondo za dirisha, Bi Rangi akavuta, akafumbua macho, na kitu cha kwanza alichosema ni tusi ambalo siwezi kulirudia hapa.

Ikaamuliwa mtu aende kwa Baba kumwambia mlango usifungwe tena. Nani aende? Wakamtazama Midomo. "Wewe si ndiye mtu wa midomo?" alisema Mzee Mawingu, mchoraji wa mbingu na vichaka, na wenzake wakaona ni hoja nzito. Hivyo ndivyo watu wenye akili timamu walivyomtuma bubu kwenda kuhutubia.

Alijiandaa siku nzima. Aliingia ofisini, Baba akasimama, akamkumbatia, akamkalisha. "Sema, mwanangu." Midomo akafungua mdomo. Ukabaki wazi, kama wa kiboko aliyemaliza kusema, ila yeye hakuwa ameanza. Mikono ikatafuta pa kukaa. Mwishowe likatoka neno moja: "Mlango."

"Aa!" Baba akapiga meza kwa furaha. "Nimekuelewa! Usalama! Jamani, wanangu mna akili."

Jumamosi iliyofuata mnyororo ulikuwa na kufuli mbili.

"Tumekutuma ufungue mlango," alisema Mzee Mawingu, "umeongeza kufuli." Bi Rangi aligeuza kiti chake upande wa pili, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Midomo alikaa kwenye kiti chake kisicho na mgongo akiona aibu mpaka masikio yanawaka. Nyumbani hakuthubutu kusema lolote. Mama yake alishautangazia mtaa mzima kwamba binti yake "yuko televisheni," kila mgeni anaambiwa kabla hajaketi. Utaanzia wapi kumwambia mama huyo kwamba televisheni inafungiwa kwa nje kama banda la kuku?

Wiki hiyo kipindi kilikuwa cha adabu. Kiboko anawafundisha watoto kubisha mlango, na mwishoni anageuka, uso wake umejaa kioo kizima, anasema: "Hodi ni neno zuri." Midomo akalisikiliza mara ya kwanza, ya pili. Ho-di-ni-ne-no-zu-ri. Vipande saba. Hasira ikampanda. Sisi tumefungiwa kama mbuzi, huyu kiboko anafundisha hodi! Akashika kalamu, akamvisha midomo mingine, nayo saba: Ba-ba-ka-tu-fu-ngi-a.

Hakuwa na mpango wowote, msimsingizie ushujaa. Alitaka tu neno lake lisemwe mara moja, mbele ya nchi nzima na mbele ya Baba mwenyewe, bila mtu kulisikia, kama walivyokuwa wakiwasengenya wageni zamani. Kama kaka yake ataliona acheke naye basi. Baba alikikagua kipindi macho yakiwa kwenye simu yake, sikio tu likiwa kazini. "Safi," akasema. "Peleka."

Jumamosi ikafika. Wao wako ndani, kufuli mbili nje. Kule nyumbani kaka mtu kakaa mbele ya televisheni na kiatu cha mtu mapajani. Alimpenda kiboko kuliko wasomaji habari wote, kwa sababu kiboko pekee ndiye aliyeongea akaeleweka. Kiboko akageuka, akajaza kioo, akasema lake. Kiatu kikaanguka.

Akatoka uani. Mama yake alikuwa anaanika nguo.

"MAMA! UMEMFUNGIA NANI?"

"Nimemfungia nani wapi?" aliuliza mama, pini ya nguo mdomoni, ikabidi aitoe aseme tena.

"KIBOKO KASEMA MAMA KATUFUNGIA! KWENYE TELEVISHENI!"

Mama ukamjia moto papo hapo. Maana ni kweli, siku moja, miaka hiyo, alimfungia binti yake chumbani mchana kutwa kwa kosa la kuchora midomo ya mkaa ukuta mzima wa jirani. Siku moja tu! "Kumbe bado analo rohoni!" alifoka. "Miaka yote hii! Na ameona mahali pa kunianika ni kwenye televisheni, watu wote wanaangalia! Vaa viatu tunakwenda."

Mlinzi alijaribu kuwazuia getini. Sijui alijaribu na nini. Mama alipita kama mlinzi ni pazia, akasimama chini ya dirisha la nondo. "We binti! Toka nje! Toka useme mbele yangu nilikufungia lini!"

Ndani watu wote waligeuka wakamtazama Midomo. Yeye akasogea dirishani. "Siwezi kutoka, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Tumefungiwa."

Mama akaelekea mlangoni kuhakikisha uongo huo. Akaukuta mnyororo. Akaushika, akautikisa, akahesabu kufuli kwa kidole, moja, mbili. Kaka mtu akabaki dirishani, uso kwenye nondo.

"MAMA KAKUFUNGIA?"

Midomo akatikisa kichwa, akasema kwa midomo tu, polepole: baba.

"NDIYO, MAMA! YUKO MLANGONI!"

Baba, akarudia, akiibana midomo kwa nguvu kana kwamba nguvu zitasaidia.

"SI NDIYO NASEMA MAMA!"

Nyuma yake watu walianza kucheka, hata Bi Rangi, aliyekatazwa na daktari kucheka sana. Midomo akapandwa na wazimu. Akanyanyua kidole, akakilaza juu ya mdomo wake, mahali pa sharubu.

Kaka akashika nondo. Uso ukambadilika, ukawa uso wa mtoto. Na kwa mara ya kwanza tangu homa ile, akaongea kwa sauti ya chini.

"Baba? Baba amerudi?"

"Nani karudi?" mama alipiga kelele kutoka mlangoni. "Athubutu!"

Midomo akatikisa kichwa haraka, akaelekeza kidole kwenye picha ya ukutani. Huyu. Si yule, huyu. Aliona tumaini likimtoka kaka yake usoni, na hapo ndipo alipomchukia mwenye studio kwa dhati, zaidi ya siku ya pumu. Jina lile halikuwa lake kulichezea.

Mlinzi alishampigia bosi simu, na gari likaingia. Mwenye studio akashuka, mikono ameitandaza. "Mama mzazi! Karibu kwenye familia yetu!"

"Wewe ndiye baba?" mama aliuliza.

"Ndiye mimi. Hawa wote wanangu."

Mama akamzunguka, akamtazama kuanzia sharubu mpaka viatu. "Baba wa hawa wawili mimi namjua," alisema. "Mtu wa hovyo. Hana haya wala soni, na siku akifa sitaki kuambiwa. Lakini siku aliyoondoka, mlango aliuacha wazi."

Mlinzi alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenye studio akacheka pia, kwa meno tu, akatoa funguo, akafungua kufuli moja, ya pili, mnyororo ukaanguka chini kwa kishindo. "Haya, nani kasema mmefungwa? Anayetaka kutoka atoke. Lakini anayetoka asirudi. Na nataka kumjua aliyetoa siri za familia nje."

Mzee Mawingu akatazama dari, nadhani anatafuta mawingu. Bi Rangi akatazama brashi zake. Midomo alisimama katikati ya chumba, na pale mlangoni, nyuma ya bega la bosi, alikuwa kaka yake, macho kwenye mdomo wake kama siku zote. Akaongea naye. Bila sauti, kama nyumbani.

"ANASEMA NI YEYE!" kaka akanguruma, bosi akaruka. "ANASEMA UFUNGUO UKAE NDANI! ANASEMA UFUNGUO USIPOKAA NDANI, KIBOKO HAFUNGUI MDOMO!"

"Aseme mwenyewe," alisema bosi, sharubu zikitetemeka. "Hana mdomo?"

Watu wakamgeukia. Mikono ikatafuta pa kukaa vilevile kama siku ile ofisini. Akaikumbuka midomo ya Bi Rangi ikigeuka rangi.

"Ufunguo ukae ndani," alisema Midomo. Sauti ilitoka nyembamba, ina kutu, lakini ilitoka yote, na alipomaliza alibaki ameachama.

"Umefukuzwa," alisema bosi.

Alitoka. Getini akachukua mkoba wake kwenye beseni. Aliposikia hatua nyuma yake akadhani ni mlinzi, kumbe ni Bi Rangi, na nyuma yake wengine, kila mtu anachagua mkoba wake kama wanatoka msibani. Mzee Mawingu peke yake alibaki. Alisema mawingu hayamo kwenye ugomvi.

Jumamosi iliyofuata kiboko alionekana na mdomo mmoja, uliofumbwa. Ndio pekee Mzee Mawingu aliouweza. Kiboko akaimba, akacheka, akauliza watoto swali na kulijibu, midomo imeshikana ndi. Nchi nzima watoto walilia. Wazazi walipiga simu kituo cha televisheni kuuliza kiboko anaumwa nini, mmoja akashauri apelekwe kwa daktari wa meno. Nyumbani kaka mtu aliangalia mpaka mwisho kwa subira, akamgeukia dada yake. "LEO KANUNA," akasema.

Kabla wiki haijaisha, mchana, wote watatu wakiwa mezani, mlango ukabishwa.

"Hodi."

Mama akaitambua sauti. Akamtuliza binti yake kwa mkono, akaendelea kumimina chai. "Neno zuri hilo," alijibu, bila kuinuka.

"Hodi, mama. Nimekuja kwa wanangu. Warudi wote, na mlango hautafungwa tena, naapa."

"Pitisha funguo chini ya mlango. Zote mbili."

Kaka mtu aliona nyuso zao zimegeukia upande mmoja. "NANI?" aliuliza. Midomo alikaribia kunyanyua kidole, akakirudisha mezani. Bosi, akamwambia kwa midomo.

"MOSI? MOSI NDIYE NANI?"

Wakacheka, mama na binti, mpaka chai ikamwagika. Halafu kitu kikakwaruza sakafu. Ufunguo ukaingia chini ya mlango, kisha wa pili, ukisukumwa kwa kidole. Midomo akainuka, akaziokota funguo zote mbili, akazitia mfukoni, akasimama mbele ya mlango. Mama hakumsaidia. Kaka alikuwa anamtazama mdomoni.

"Karibu," alisema, kwa sauti, hata mtaa ukasikia.